Dell ya 2012 au laptopu ndogo mpya? Kisa cha karani wa vikundi, Tanga

Mwenye kisa ni mke wa kaka yangu, mkazi wa Mabawa, Tanga mjini. Kazi yake ni kuandika hesabu za vikundi: VICOBA vya mjini, na vikundi vya akina mama wa mwani waliotawanyika pwani, kuanzia upande wa Mkinga hadi vijiji vya barabara ya Pangani. Kila kikundi kina daftari na kasha lake, ila siku hizi daftari peke yake halitoshi. Kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kinatakiwa kuwa na kumbukumbu zilizonyooka. Hapo ndipo shemeji anapoingia na Excel yake.

Laptopu anayotumia ni Dell Latitude E6430, mashine ya mwaka 2012 aliyoinunua ikiwa tayari mtumba. Ina Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya GB 320 na kioo cha inchi 14. Malalamiko yake aliyatoa kwa mkupuo: inachelewa kuwaka, inastaki ukifungua mafaili mawili, betri haifiki popote, na inamuumiza bega. Alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, Sh550,000 taslimu. Ngamiani ameshaiona laptopu mpya ya inchi 11.6, bei Sh520,000.

"Shemeji, ile naitia kwenye pochi nanyanyuka zangu," aliniambia. Alichotaka kwangu ni nimsindikize akalipie, ushauri hakuuomba. Kaka naye alishatoa hukumu yake: mashine ya mtumba ikizeeka ni ya kuwauzia watu wa vipuri.

Nikamwomba jambo moja kabla ya kutoka nyumbani. Malalamiko yale si tatizo moja, ni matatizo mawili tofauti. Kuchelewa na kustaki ni ugonjwa wa ndani ya mashine. Uzito na betri ni suala la mashine na safari zake. Huenda kitu kimoja kikatibu yote mawili, lakini mpaka tuyapime mbalimbali hatujui tunalipia nini.

Kwanza safari

Mikutano ya akina mama wa mwani inafuata maji. Siku za bamvua, maji yakikupwa, wako baharini wanafunga na kuvuna, hakuna wa kukaa mkutanoni. Hisa zinanunuliwa siku za maji mafu. Shemeji anapanda Hiace, kisha bodaboda, Dell iko begani na chaja yake, jumla inakaribia kilo 2.5. Akifika anakaa chini ya mkungu, katibu anaita namba za kadi, yeye anapiga: hisa, mfuko wa jamii, marejesho, faini. Dakika 40 betri imekwisha na kikundi bado kiko katikati. Yaliyobaki anayaandika kwenye karatasi, akirudi Mabawa usiku anayaingiza upya. Makosa mengi niliyoyaona kwenye mafaili yake yamezaliwa usiku huo, macho yameshachoka, 5,000 inaandikwa 50,000 na mtu wa watu anaonekana amerejesha mkopo ambao hajarejesha.

Kwa hiyo hamu ya laptopu ndogo haikuwa ya urembo. Mashine ile ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Prosesa yake ni Celeron N4020, inayokula wati 6, wakati i5 ya Dell inakula mpaka 35. Ndiyo maana betri ndogo inaweza kumaliza mkutano mzima na safari ya kurudi. Halafu kuna jambo ambalo muuza duka hakulitaja, nami naona lina uzito kwa mtu wa pwani: haina feni. Laptopu yenye feni inavuta hewa ya nje kutwa nzima, na hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu. Mashine isiyovuta hewa inapumzika na hayo. Kama swali lingekuwa la safari peke yake, ningemwambia alipe.

Hizi laptopu ndogo zina historia yake, na inafaa kuijua ili mtu asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Zilianza kuvuma mwaka 2007, Asus walipotoa Eee PC ya kioo cha inchi 7 na hifadhi ya GB 4. Mwaka uliofuata Intel wakatoa Atom N270, na soko likajaa netibuku za inchi 10 zenye kioo cha nukta 1024 kwa 600. Zilikuwa za bei rahisi, za kusomea barua pepe na kuandikia barua. iPad ilipoingia 2010 zikaanza kupungua, na kufikia 2013 Asus na Acer walikuwa wameachana nazo. Jina likafifia ila wazo halikufa. Limerudi kwa umbo la inchi 11.6, Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, yaani chipu badala ya diski ya kuzunguka. Ukikutana na zile za zamani za N270 kwenye meza za mtumba, hata kama anakuuzia kwa bei ya chakula cha siku, zipite. Prosesa ile ni ya biti 32 tu, na Windows 11 haiingii kabisa kwenye mashine ya biti 32.

Dukani

Tulikwenda na fleshi yenye faili lake halisi, lile kubwa la kikundi cha Mkinga, lenye karatasi za miezi yote na makro (amri za kuifanya Excel ijifanyie kazi yenyewe) aliyotengenezewa na kijana mmoja wa chuo. Nasisitiza faili halisi kwa sababu dukani kila laptopu inaonekana ina kasi. Imewashwa, picha ya ufukwe iko kiooni, hakuna inachofanya.

Kijana wa duka hakuwa na kinyongo, akatuachia mashine. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonesha nini kinakula nguvu ya mashine, kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Zaidi ya asilimia 70 ya RAM ilikuwa imeshaliwa na Windows 11 peke yake. Tukafungua faili la Mkinga, ikaenda. Tukafungua kivinjari na kurasa tatu, anavyofanya akituma taarifa, RAM ikagonga asilimia 90 na mshale ukaanza kuzunguka. Hifadhi iliandikwa GB 64. Ndani Windows inaonesha 58, na baada ya Windows yenyewe kuchukua sehemu yake, zilizobaki hazikufika 30.

Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Maana yake mashine hii mpya kabisa, ya Sh520,000, iko mlangoni pa kiwango cha chini siku inayotoka kwenye boksi. Mashine ya aina hiyo ingekuwa na heri kama ingeweza kuongezwa baadaye. Nikamuuliza kijana: RAM inatoka? Akacheka. Imechomelewa kwenye bodi, na eMMC nayo imechomelewa. Ikijaa imejaa, ikifa imekufa na bodi yake.

Hapo kuna jambo linalowapotosha watu wengi. Wanasikia kwamba hifadhi ya laptopu ndogo haizunguki, wanadhani ni SSD, ile diski ya chipu yenye kasi. eMMC ni ndugu wa kadi ya simu kuliko SSD. Hata toleo lake la 5.1 mwisho wa njia yake ni MB 400 kwa sekunde kwenye karatasi, na katika kuandika mafaili madogomadogo, ambayo ndiyo kazi ya kila siku ya Windows, inaachwa mbali na SSD ya kawaida ya SATA. Inaishinda diski ya zamani ya kuzunguka, hilo sikatai.

Kilichomgusa shemeji mwenyewe si hayo ya RAM. Ni herufi. Kioo cha Dell yake ni nukta 1366 kwa 768, na cha ile ndogo ni 1366 kwa 768 vilevile. Safu zinazoonekana kwenye Excel ni zilezile, ila zimebanwa kutoka inchi 14 hadi 11.6. Akavua miwani, akaivaa, akasogeza uso. "Hizi namba zimekuwa kama mbegu za ufuta," akasema. Ukikuza herufi unapoteza safu, na karani anayehitaji kuona jina upande huu na salio upande ule hawezi kupoteza safu.

Tukaaga bila kulipa.

Dell ikafunguliwa

Nyumbani nilianza na Task Manager ileile. Ilikuwa imewaka muda, hakuna programu iliyofunguliwa, na prosesa ilikuwa imelala kwenye asilimia chini ya 10. Diski ilikuwa 100. Ilibaki 100. Ukibofya Excel unasikia kitu kinakwaruza ndani kama panya darini. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusoma afya ya diski, ikatoa alama ya njano ya tahadhari: diski ilikuwa imeanza kuhamisha data kutoka kwenye sehemu zilizokufa.

Kwa hiyo kabla ya mjadala wa kununua nini, kazi ya jioni ile ikawa moja tu, kuhamisha mafaili. Hesabu za vikundi vyote zilikuwa kwenye diski hiyo inayokufa, na nakala nyingine zilikuwa zile alizowahi kuwatumia wenyeviti kwa WhatsApp, za miezi iliyopita. Tukanakili kwenye diski ya nje, na mafaili ya mwaka huu tukayapandisha kwenye Google Drive kwa bando la usiku. Mafaili mawili ya zamani yaligoma kusomeka, moja likapatikana kwa mwenyekiti.

Kesho yake Dell ikaenda kwa fundi Barabara ya Nane. Napenda kusimama fundi akifungua. Alitoa mfuniko wa chini, kukatokea blanketi la vumbi limeganda mbele ya feni, nene kiasi cha kukunjwa kwa vidole. Dawa ya kupozea juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kuwa unga. Kipande cha RAM, kimoja tu, kilikuwa na ukoko kwenye meno yake. Fundi akakisugua taratibu kwa raba ya penseli mpaka meno yakang'aa, akapuliza, akakirudisha. Tundu la pili la RAM lilikuwa tupu tangu mashine inunuliwe. Diski inatoka kwa skrubu mbili pembeni. Betri inatoka kwa vidole bila bisibisi.

Mashine haikuwa imezeeka sehemu zote kwa pamoja. Prosesa yake ya 2012, ukiipa hifadhi ya haraka, haishindwi na Celeron N4020 kwa kazi za Excel, umri au si umri. Kilichozeeka ni diski ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo kila Windows inapotaka vipande mia vya faili inabidi ikimbize sindano yake mara mia. Na betri, ambayo ni kitu cha kuisha. Vyote viwili vinabadilishika.

Fundi alitaja hivi: SSD ya GB 240 Sh65,000, RAM ya GB 4 nyingine Sh30,000, betri Sh70,000, kusafisha na kupiga Windows upya Sh20,000. Jumla Sh185,000.

Mlango wa tatu

Kaka hakuridhika. "Unamrudisha kwenye gari bovu," alisema, na hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama, na Dell hii haina hata kimoja. Tukiitengeneza, tunatengeneza kitu ambacho Microsoft wameshakipa mgongo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuhamia Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Excel, bure, na mashine ingekimbia vizuri. Nilimjaribishia. Mafaili mengi yalifunguka sawasawa, ila makro ya faili la Mkinga ilikataa. Kuiandika upya ni kazi ya mtu anayeijua, na yule kijana wa chuo hapatikani tena. Ya pili ni kujiandikisha kwenye nyongeza ya ulinzi ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji wa kawaida inafika 13 Oktoba 2026, na mtu anaweza kuipata bila kulipa akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ndiyo tuliyoichukua. Haitibu, inasogeza tarehe, na kwa hali yake kusogeza tarehe kulikuwa na thamani.

Kwa nini? Kwa sababu kuna laptopu ya tatu ambayo hakuiona Ngamiani: ndogo, lakini ya kazi. Mfano wake ni Dell Latitude 7290 ya 2018, kioo cha inchi 12.5, uzito wa kilo 1.2 hivi, i5 ya kizazi cha nane inayokubali Windows 11 bila hila, RAM inayotoka na SSD inayotoka. Za mtumba zinaingia nchini kutoka maofisi ya nje. Aliyoulizia kwa simu kutoka Dar es Salaam aliambiwa Sh680,000. Imezidi alichonacho kwa Sh130,000, na mimi simshauri mtu akope ili anunue laptopu, hasa mtu anayewaandikia wenzake riba.

Kaka akauliza kwa nini tusiache kutengeneza, tukangoja pesa itimie. Jibu lilikuwa diski. Diski yenye tahadhari haikupi ratiba. Inaweza kukaa mwaka, inaweza kuzima siku ambayo VICOBA vinavunja mzunguko na watu mia wamekaa wanangoja mgao wao.

Tulichobishana zaidi ni betri. SSD ya inchi 2.5 itakuja kuwekwa kwenye kasha la USB na kuwa diski ya nakala. RAM ni elfu thelathini, itakufa na Dell, basi. Betri ya Sh70,000 nayo haitahama kwenda mashine nyingine, na betri za kuiga zimejaa. Nilikuwa naelekea kusema aiache, atumie karatasi kama kawaida. Shemeji akakataa, na alikuwa na haki. Yeye ndiye anayekaa chini ya mkungu, na anachokihitaji si saa nane, ni saa tatu za uhakika. Tena chaja ikibaki nyumbani, uzito wa begani umepungua bila kununua laptopu ndogo. Betri ikaingia, kwa sharti kwamba fundi aiache ijae na kuisha mbele yetu kabla hatujalipa, na atupe dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi.

Ilivyokwenda

Kabla ya matengenezo, kuanzia kubonyeza kitufe hadi faili la Mkinga kufunguka ilikuwa zaidi ya dakika 6. Sasa haifiki dakika. Windows ilijitambua yenyewe baada ya kupigwa upya, kwa sababu leseni ya mashine hizi imeshikana na bodi na haiondoki na diski. Faili la Mkinga, kivinjari na WhatsApp ya kompyuta vinakaa pamoja ndani ya GB 8 bila kugombana. Betri imemfikisha saa tatu na robo kwenye mkutano mrefu, kioo kikiwa kimepunguzwa mwanga na Wi-Fi imezimwa. Bega bado linauma kiasi. Bawaba ya kushoto ya kioo imelegea, hiyo haikuwa kwenye hesabu na tumeiacha.

Sh365,000 zilizobaki zipo kwenye hisa zake mwenyewe, zinangoja Oktoba 2026. Akifika hapo ataichukua 7290 au mwenzake, na swali la kwanza atakalomuuliza muuzaji ni lilelile la RAM inatoka au haitoki. Kama angekuwa mtu wa kuandika barua, kusoma mtandaoni na kutunza kila kitu Google Drive, bila Excel nzito wala makro, na macho yake yakiwa bado makali, hukumu yangu ingegeuka: ile ya inchi 11.6 isiyo na feni ingemfaa, ilimradi iwe ya kampuni inayojulikana na hifadhi ya GB 64 kwenda juu. Zile za GB 32 hata masasisho ya Windows hazina pa kuyaweka.

Diski ya zamani fundi aliiomba kwa Sh10,000, ya kupima vifaa vyake. Shemeji hakumpa. Ina majina, namba za simu na madeni ya akina mama wa vijiji vizima. Kaka aliitoboa kwa drili uani, matundu matatu kupita kwenye sahani, na safari hii hakuwa na hoja.